Tindiga ni Nini? Mchezo wa Kamusi na Ushahidi wa Maana

Uko mchezo wa maneno usiohitaji kifaa chochote isipokuwa kamusi moja, karatasi na kalamu. Msimamizi huchagua katika kamusi neno ambalo hakuna mchezaji alijuaye. Kila mchezaji huandika maana aliyoibuni mwenyewe, akijitahidi ifanane na maandishi ya kamusi. Msimamizi naye hunakili ile ya kweli. Karatasi huchanganywa, maana zote husomwa kwa sauti moja isiyobagua, kisha kila mmoja huchagua anayoiamini. Aliyeitambua maana ya kweli hupata alama, na aliyebuni hupata alama kwa kila mwenzake aliyenaswa.

Huko Uingereza mchezo wa namna hii ulianza kuonyeshwa katika televisheni ya BBC mwaka 1965 kwa jina la Call My Bluff, na mwaka 1984 ulitolewa Canada kama mchezo wa kununuliwa dukani, ukiitwa Balderdash. Hata hivyo mtu aliyelelewa kwa vitendawili hatauona kuwa mgeni. Mtegaji husema "Kitendawili", wasikilizaji hujibu "Tega", na wakishindwa humpa mji. Lakini iko tofauti moja kubwa. Katika kitendawili jibu limefichwa, na likifichuliwa kila mtu huona kwamba linafaa. Katika mchezo wa kamusi jibu halikufichwa hata kidogo. Limewekwa peupe, katikati ya uongo uliovaa nguo zilezile. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ni msingi wa sayansi yote: mtu ajuaje kwamba maelezo fulani ni ya kweli, ikiwa yote yamepangwa vizuri?

Neno moja, maana nne

Tuseme neno lililochaguliwa ni "tindiga", na maana zilizosomwa ni hizi:

(a) Kisu kifupi chenye makali pande mbili, kitumiwacho kukatia manyasi ya kuezekea.
(b) Ugonjwa wa mifugo unaovimbisha kwato.
(c) Eneo la ardhi yenye majimaji na tope, aghalabu lenye kuota manyasi marefu.
(d) Maji machungu yanayobaki baada ya pombe kuchacha.

Maana tatu kati ya hizo ni za kubuni, lakini hazikubuniwa ovyo. Mwandishi wa (a) alikumbuka kitenzi "kutinda", kama nyusi zinavyotindwa. Mwandishi wa (d) alisikia mwangwi wa "tindikali". Mwandishi wa (b) hakufuata sauti ya neno, bali alijua kwamba wenzake wametoka katika nyumba za wafugaji. Kila mmoja amempa msikilizaji kitu anachokijua tayari ili akubali asichokijua.

Kadhalika zote nne zimefuata kanuni ileile ya kueleza maana. Kwanza hutajwa jinsi ya kitu: ni kisu, ni ugonjwa, ni eneo, ni maji. Kisha hutajwa sifa inayokitenga na vingine vya jinsi hiyo. Kanuni hii ilielezwa na Aristotle zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, nayo ingali msingi wa kamusi na vitabu vya sayansi. Ni kanuni nzuri, lakini inatawala umbo la sentensi tu. Sentensi yaweza kuitii kikamilifu na isiwe na ukweli wowote ndani yake.

Sarufi husaidia kidogo. Kama neno lingekuwa "kitindiga", wengi wangedhani ni kifaa au lugha. Kama lingekuwa "mtindiga", wangedhani ni mti au mtu. Lakini "tindiga", kwa umbo lake peke yake, halionyeshi upande wowote.

Hesabu ya kubahatisha

Ikiwa darasa lina wanafunzi 40 na maana ni nne, nao wanachagua kwa kubahatisha tu, kila mmoja peke yake, basi inatazamiwa kwamba wanafunzi 10 hivi wataiangukia maana ya kweli. Idadi hiyo haitakuwa 10 kila mara: wakati mwingine itakuwa 8, wakati mwingine 13. Lakini kwa bahati tupu wanafunzi 16 au zaidi hupatia pungufu ya mara 5 katika michezo 100. Kwa hiyo wakipatia wanafunzi 25, yamkini lipo jambo walilolijua. Na wakipatia 2 au 3 tu, hilo nalo ni funzo: maana mojawapo ya uongo imewavuta kuliko bahati ambavyo ingewavuta. Ndiyo kusema kwamba kudanganyika hakutokani na kutojua peke yake. Asiyejua kabisa, akibahatisha, hupatia mara moja katika nne. Anayekosa zaidi ya hapo ni yule aliyeiamini sauti nzuri ya maelezo.

Ushahidi wa mahali na wa watu

Maana ya kweli ni (c). Kamusi za Kiswahili hulieleza tindiga kuwa ni kinamasi. Lakini je, mtu asiye na kamusi angeweza kuufikia ukweli huo?

Iko kata iitwayo Tindiga katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Imo katika nchi tambarare ya bonde la Mto Mkondoa. Mto utokapo milimani ukaingia katika nchi tambarare hupunguza mwendo, hutua tope ulilolichukua, na wakati wa masika maji yake hutapakaa na kutuama. Hivyo ndivyo vinamasi vinavyofanyika, na kinamasi kimo katika eneo hilo, nacho kinajulikana kwa jina lilelile la Tindiga. Mwanafunzi wa huko akisomewa maana nne zilizotajwa juu, ana sababu ya kuchagua (c) ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hana.

Hata hivyo jina moja la mahali si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa majina hufanana kwa bahati. Inafaa kutafuta ushahidi wa pili usiotegemea ule wa kwanza. Takriban kilomita 400 kutoka Kilosa, upande wa kaskazini-magharibi, iko Mangola, karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe, wawindaji wa nchi hiyo, waliitwa na majirani zao Watindiga, na lugha yao ikaitwa Kitindiga. Majina hayo yalitumiwa pia na wataalamu wa Ulaya walioandika habari zao katika miaka ya 1930. Wao wenyewe hujiita Wahadzabe, na hilo ndilo jina la kufuatwa. Lakini lile walilopewa huelezwa kuwa lina maana ya watu wa manyasi ya majimaji, kwa sababu huko Mangola iko chemchemi kubwa. Mahali pawili palipo mbali namna hiyo, vyote viwili vina neno moja na hali moja ya ardhi. Maana (a), (b) na (d) hazina ushahidi wa namna hiyo hata mmoja.

Kamusi nayo hukosea

Isidhaniwe kwamba kitabu, kwa kuwa ni kikubwa, kimesalimika. Mwaka 1934 ilichapishwa Marekani kamusi mashuhuri ya Webster, toleo la pili, nayo ilikuwa na neno "dord", lililoelezwa kuwa istilahi ya fizikia na kemia yenye maana ya densiti. Neno hilo halikuwapo katika lugha yoyote. Mwaka 1931 mhariri wa kemia alikuwa ameandika kadi kueleza kwamba herufi D kubwa au d ndogo ni kifupisho cha densiti. Neno la Kiingereza lenye maana ya "au" ni "or". Mtu aliyeipokea kadi akaziunganisha herufi zote, na "D or d" ikawa "dord".

Kosa hilo liligunduliwa mwaka 1939, mhariri alipoona kwamba neno hilo halikuandikiwa asili yake. Alipotafuta ushahidi wa matumizi yake hakuupata, na baadaye liliondolewa. Maelezo yake yalikuwa mafupi na sahihi kwa umbo. Kilichokosekana ni watu waliolitumia.

Faida yake darasani

Kila mwalimu anamjua mwanafunzi anayeweza kutamka maana ya istilahi bila kukosea nukta, naye hawezi kuitumia. Amelishika umbo, kitu chenyewe kimemponyoka. Istilahi nyingine hujieleza zenyewe: "usanisinuru" hufunguka mara moja kuwa usanisi kwa nuru. Lakini "tindikali" huonyesha ukali tu, na anayeridhika na ukali ataiweka pilipili katika kundi hilo. Afadhali mwanafunzi aambiwe kwamba tindikali hugeuza karatasi ya litimasi ya buluu kuwa nyekundu. Maana hiyo haikumaliza yote, lakini inaweza kupelekwa mezani ikajaribiwa, na ikiwa ni uongo itajulikana.

Kwa hiyo mchezo wa kamusi unapochezwa shuleni, inafaa kuongeza duru ya pili. Baada ya kuchagua, na kabla jibu halijatangazwa, kila mwanafunzi aandike angefanya nini ili kuithibitisha maana aliyoichagua: angemwuliza nani, angekwenda wapi, angepima nini. Wanafunzi wa Mikumi, kwa mfano, wanaweza kupewa neno "mkumi", kisha wakawaulize wazee mti huo ni upi, na kama ndio ule ambao kwingineko huitwa mvumo. Alama za duru hii zizidi za ile ya kwanza. Aliyekosea neno lakini akataja njia halali ya kuligundua kosa lake amepata elimu ambayo aliyepatia kwa bahati hakuipata.