Sura ya Nne: Thamani ya Kazi na Thamani ya Mtu

Msafiri atokaye Voi akaifuata njia ya Taveta, akapita Mwatate penye mashamba mapana ya katani, hata akafika wadi ya Mata kandokando ya Ziwa Jipe, atawakuta wanawake kwa wanaume wakiamkia kazini alfajiri moja. Lakini akitaka kujua ni nani apewaye kazi ipi, na ipi kati ya hizo huhesabiwa kuwa ya ustadi, hana budi kutazama kwa makini, maana dhulma tunayoieleza katika sura hii aghalabu hukaa kimya ndani ya mgawanyo wa kazi uliokwisha kuzoeleka.

Katika kilimo cha katani, tangu zama za ukoloni, kukata majani na kuendesha mitambo vilihesabiwa aghalabu kuwa kazi za wanaume, wanawake wakaachiwa kuanika singa na kuichambua, kisha kazi yao ikaitwa nyepesi. Ilhali singa iliyoanikwa vibaya hushuka daraja, na jasho la mkataji likapungua thamani pamoja nayo. Ubaguzi, basi, upo pale wawili wafanyapo kazi moja wakalipwa mbalimbali, na upo vilevile pale kazi mbili zenye thamani moja zinapolipwa kwa kumtazama azifanyaye.

Shirika la Kazi Duniani lililitambua jambo hili katika Mkataba namba 100 wa mwaka 1951, likaufuatisha Mkataba namba 111 wa mwaka 1958, na Kenya ikairidhia yote miwili mwaka 2001. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, humlazimu mwajiri kulipa ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, tena humtwika yeye dhima ya kuthibitisha kwamba hakubagua. Sheria ya mwaka 1976 ilimpa mzazi likizo ya miezi 2, ikamnyima likizo yake ya mwaka. Hii ya sasa humpa miezi 3 kwa mshahara kamili, na ile ya mwaka haiguswi.

Lakini sheria humfaa upesi yule ambaye jina lake limo daftarini. Kibarua wa kutwa, mimba yake ikianza kuonekana, hapewi barua ya kuachishwa: asubuhi moja haitwi, basi, naye hana waraka wa kupeleka Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kwa hiyo kifungu cha 37, kisemacho kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi 1 huhesabiwa mwajiriwa wa mwezi, ni ngao kubwa kwa mwanamke, madhali siku zake zimeandikwa.

Mwajiri mwenye insafu na aanzie hapo: aandike siku za kila kibarua na kumpa nakala, aipime kila kazi kwa ujuzi, jitihada, dhima na mazingira yake kabla ya kuuliza ni nani ataifanya, na penye wafanyakazi 20 au zaidi, tamko dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, lililofaradhishwa na kifungu cha 6, lisomwe hadharani, wanyapara wakiwapo. Robota la singa likipandishwa mizanini, hakuna aulizaye lilifungwa na mkono wa nani. Ujira nao na upimwe vivyo hivyo.