Shubiri na Ziwa la Mama

Wageni wakisimulia jinsi wanawake wa pwani walivyowaachisha watoto ziwa kwa shubiri, neno lao ni moja: ukatili. Kichungu kile kwenye ziwa la mama, kwa mtoto asiyejua kosa lake! Hawaulizi mtoto alikuwa na umri gani, nani alipaka, wala usiku ule alilala kwa nani.

Mtoto alikuwa amekaribia miaka 2, ukomo ambao Kurani imeutaja kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Siku ilichaguliwa: si siku ya homa, si wakati jino linachomoza. Bibi ndiye aliyekiyeyusha kibonge cheusi cha shubiri kavu kwa matone ya maji kisahanini, akapaka chuchu utando mwembamba tu. Mtoto akaonja, akakunja uso, akalia. Mama naye akalia, na hakuna aliyemlaumu. Jioni mtoto alihamia kitandani kwa bibi, akapata uji, tende, hadithi na mgongo wa kubebwa, mpaka hamu ikamtoka. Mama alifungwa kifua kwa kanga, akasaidiwa kukamua maziwa yalipomzidi. Nyumba nzima ililibeba jambo lile. Leo mama yuko peke yake katika chumba cha kupanga, mtoto analia usiku kucha, na hana wa kumpokea. Mimi ukatili nauona hapo.

Wauguzi wanaonya kwamba shubiri huharisha. Ni kweli, na bibi zetu walilijua hilo. Ndiyo maana mjamzito hakupewa kabisa, na kibonge kilikaa juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto. Marekani, shubiri iliondolewa mwaka 2002 katika dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Sisi tulikuwa na mpaka wetu bila sheria ya mtu.

Mpaka huo ulianzia kwenye jani lenyewe la mshubiri. Chini kidogo ya ganda pana utomvu wa manjano, na huo ndio mchungu, ndio uliokaushwa ukawa kibonge. Kisiwa cha Sokotra kilisifika kwa karne nyingi kwa biashara ya shubiri hiyo. Ndani kabisa pana ute mweupe unaoteleza. Mwenye haja na ute alikata jani la nje, lile nene la chini, akalisimamisha bakulini, mkato ukiangalia chini, mpaka manjano yote yakachuruzika. Kisha alilisuuza, akakata miiba ya kingo, akamenya, akakwangua ute kwa kijiko na kuuosha tena. Ulipakwa juu ya mkono uliounguzwa na mvuke wa sufuria, baada ya kupozwa kwa maji, au kwenye nywele kabla ya kuzisuka. Alikata jani la haja ya siku ile tu, kwa sababu ute hauchelewi kuharibika.



Kuupanda mshubiri hakukumshinda mtu. Chipukizi lilichomolewa ubavuni mwa mama yake, likaachwa kivulini siku chache kidonda kikauke, likatiwa kwenye sufuria iliyotoboka yenye mchanga na kokoto. Adui yake ni maji mengi, maana mizizi huoza. Nyua zetu sasa zimejaa vigae, na mishubiri imeng'olewa eti inachafua. Binti anayeing'oa ananunua chupa ya ute wa kijani kibichi wenye manukato, ilhali ute wa jani hauna rangi hiyo hata kidogo. Na akilipata jani siku moja, hulivunja na kumpaka mtoto papo hapo, manjano na yote, kisha ngozi ikiwasha husema dawa za kienyeji ni hatari. Aliyepaswa kumwonyesha bakuli na mkato yuko hai, chumba cha pili, na hajaulizwa.