Mlima hauangalii jezi: Shabiki wa Mara na usiku wa kwanza Kilimanjaro

Musoma. Shabiki wa Biashara United hahitaji kusimuliwa jinsi safari inavyoweza kumtoa mtu mashindanoni. Oktoba 2021, Wanajeshi wa Mpakani waliichapa Al-Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam, Kombe la Shirikisho Afrika. Marudiano hayakuchezwa. Timu ilikwama, haikufika Libya, ikatolewa ikiwa na mabao yake mawili mkononi.

Basi, shabiki wa Musoma, Bunda au Butiama anayetaka kutumia mapumziko ya ligi kwenda kulala Kilimanjaro aanze na kumbukumbu hiyo. Wa Butiama ana sababu ya ziada. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alitamka nia ya kuwasha mwenge juu ya mlima huo, na usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha kileleni pamoja na bendera ya Tanganyika.

Mpinzani wa kwanza huko juu ni hewa. Musoma iko kando ya ziwa, mita 1,100 na kidogo kutoka usawa wa bahari. Kituo cha Horombo, njia ya Marangu, kiko mita 3,720, ambako oksijeni anayoivuta mtu ni kama theluthi mbili tu ya ile ya ufukweni Dar. Uwanja wa Hernando Siles wa La Paz, Bolivia, ule uliofanya FIFA mwaka 2007 ipige marufuku mechi za kimataifa za milimani kabla ya kulegeza mwaka uliofuata, uko chini ya hapo kidogo. Aprili 2009 Argentina ya Maradona ilipanda La Paz ikiwa na Messi, ikashuka na kipigo cha 6-1. Sasa shabiki ambaye Jumapili hamalizi hata kipindi cha kwanza cha ndondo anasema atakwenda moja kwa moja hadi Horombo!

Lakini mpira umechezwa juu zaidi ya hapo. Juni 2017 wanawake kutoka mataifa mbalimbali walicheza dakika zote 90 ndani ya kreta ya Kilimanjaro, mita 5,714, wakatoka sare tasa. Waliweza kwa sababu walipanda kwa siku kadhaa, mwili ukazoea taratibu kabla ya kipyenga.

Huo ndio mpango wenyewe. Mwenye usiku mmoja alale Mandara, mita 2,720, atembee hadi Kreta ya Maundi iliyo jirani, kesho yake ateremke. Mwenye usiku mbili au tatu ndiye afikirie Horombo, na siku ya kupumzika hapo isikatwe kwa kubana matumizi. Marangu watu hulala kwenye vibanda. Anayetaka hema aulizie Machame, Lemosho au Rongai.

Vilima vya nyumbani vinasaidia, ila si kwa kila kitu. Kupanda Balili pale Bunda au Mukendo mjini Musoma na begi mgongoni, mara tatu kwa wiki, kunakomaza mapaja na magoti, hasa kwenye kuteremka. Hewa nyembamba haina mazoezi yake huku. Abiria wa basi la Arusha linalokatiza Serengeti huonja baridi kidogo tu kwenye ukingo wa Ngorongoro, na tayari wengi hutafuta koti.

Kwa tarehe, ligi kwa kawaida inaisha masika yakiwa yanaondoka, na Juni hadi Oktoba ni ukavu. Hata hivyo koti la mvua libebwe, pamoja na nguo za sufu, kofia ya kuziba masikio, tochi ya kichwani na mfuko mzito wa kulalia. Pamba ikilowa huchelewa kukauka, na jezi ya timu ibaki ya kupigia picha.

Bila mwongozaji aliyesajiliwa hakuna kuvuka geti, na ada za hifadhi hazipokelewi taslimu. Mtanzania hulipa kwa shilingi, chini sana ya mgeni. Mpagazi hapakiwi zaidi ya kilo 20. Kuni haziwashwi kabisa: moto wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukateketeza uoto kwa siku kadhaa.

Kisha kuna jambo ambalo vijana huona aibu kulisema. Kichwa kikiuma, chakula kisipopita, kizunguzungu kikianza, mwongozaji aambiwe hapo hapo na hakuna kupanda zaidi. Mtu akiyumba kama mlevi, akichanganya maneno au kuhema akiwa ameketi, anateremshwa usiku huo huo, hata kama ni nahodha wa kundi. Kusubiri asubuhi kumeua watu wenye afya na misuli. Kundi likubaliane Musoma, kabla ya kupanda basi, kwamba mmoja akigeuka kuna wa kumsindikiza, na nauli ya kurudi ya kila mtu ikae mfuko wake peke yake.