NASABA NA SURA YA MBWA: MAELEZO KWA WANANCHI NA WATUMISHI

Mwezi Novemba 2013 pembe za ndovu zilikamatwa katika bandari ya Malindi, Unguja, zikiwa zimefichwa kontenani chini ya makombe ya pwani. Jicho la mkaguzi halipenyi shehena ya namna hiyo kwa urahisi, na ndiyo sababu bandari nyingi hutumia pua ya mbwa. Kwa kazi hiyo, katika miaka ya 2010, shirika la African Wildlife Foundation liliendesha huko Usa River, karibu na mji wa Arusha, mafunzo ya mbwa pamoja na askari waongozaji wao, ambao baadaye walipelekwa Mombasa, Dar es Salaam na Entebbe. Wengi wa mbwa hao walikuwa Malinois wa Ubelgiji walionunuliwa Ulaya. Je, kila mbwa mwenye umbo na rangi ya Malinois anafaa? Jawabu ni la.

Ieleweke kwamba mambo mengi ya sura hutawaliwa na chembe chache za urithi, yaani jeni. Rangi ya Labrador, iwe nyeusi, ya kahawia au ya manjano, hutokana hasa na jeni mbili. Ndiyo maana mbwa wawili weusi waweza kuzaa mtoto wa manjano bila jike kusingiziwa lolote: kila mzazi alibeba umanjano uliofichika, na mtoto akaurithi kwa pande zote mbili.

Tabia ina utaratibu mwingine. Hamu ya kuandama harufu na utulivu katika makelele ya bandari hutokana na jeni nyingi mno, zikichanganyika na malezi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kuwa aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo wafunzaji humpima kila mbwa peke yake: je, ataendelea kuutafuta mpira uliofichwa hata pale wenziwe walipokwisha kata tamaa?

Kufuata sura pekee kuna madhara pia. Ridgeback wa kusini mwa Afrika hupendwa kwa tuta la manyoya mgongoni. Mwaka 2007 wataalamu walibainisha kwamba tuta hilo hutokana na sehemu ya urithi iliyojirudufu, na kwamba hiyohiyo humweka mbwa katika hatari ya kuzaliwa na tundu jembamba la ngozi lielekealo uti wa mgongo, ambalo huweza kutunga usaha. Aliyerithi tuta kwa wazazi wote wawili ndiye aliye hatarini zaidi. Wasio na tuta kwa kawaida husalimika. Nao ndio ambao baadhi ya wafugaji walikuwa wakiwaua wakingali wachanga, kwa kuwaona wana kasoro.

Mwananchi anayenunua mbwa wa ulinzi kwa bei kubwa anashauriwa asitosheke na cheti cha nasaba. Cheti hutaja wazazi, hakitaji walichokibeba ndani. Aombe kuwaona wazazi hao, aulize kama wana udugu wa damu, kwa kuwa ndugu huweza kubeba maradhi yaleyale yaliyofichika, na ampeleke mtoto wa mbwa kwa daktari wa mifugo kabla ya kulipa.