Filamu ya kutisha bila damu: vijana na simu zao huko Hamukungu

Mwezi huu ukurasa wetu unaenda Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, wilaya ya Kasese. Wengi wetu tulioingia Uganda kwa mpaka wa Mpondwe, pale Bwera, tulipakiwa kwenye gari tukapita Kikorongo bila kujua kwamba kijiji hicho kiko karibu tu, upande wa ziwa. Hifadhi ya Queen Elizabeth imekizunguka. Ng'ombe wako hapo, viboko wako hapo, na simba pia.

Nilienda kwa sababu mtoto wa dada yangu na wenzake wanne, wote wanafunzi wa sekondari, walitaka kupiga filamu fupi ya kutisha wakati wa likizo. Dada alikataa waende bila mtu mzima. Basi mtu mzima nikawa mimi.

Pesa hawakuwa nayo. Walikuwa na simu tatu za tachi, tochi mbili, shuka moja nyeupe, na moyo. Niliwaambia wasione haya. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano iliyotoka mwaka 2010 na ambayo inasemekana haikufika dola 200. Kompyuta alijiundia mwenyewe kwa vipande, silaha za kuigizia zikatoka kwenye vyuma chakavu. Kambini Kakuma nako, kuanzia mwaka 2001, shirika la FilmAid lilionyesha sinema na baadaye likafundisha vijana wakimbizi kupiga filamu zao wenyewe. Kwa hiyo hili si jambo la watu wa mbali.

Lakini siku ya kwanza tuliharibu. Vijana walikuwa wamechora uso wa mmoja wao kwa unga na rangi nyekundu, wakampa panga. Hadithi yao ilikuwa ya muuaji anayeingia nyumba kwa nyumba. Giza lilipoanza, yule kijana akatokea nyuma ya nyumba akipiga kelele. Jirani mmoja, mama aliyevuka mpaka na watoto wake miaka iliyopita, hakujua lolote. Alimfunga mtoto mgongoni, akakimbia bila viatu. Watu wakatoka na fimbo. Ni bahati tu kwamba mwenyekiti wa kijiji alifika kabla fimbo hazijafanya kazi.

Yule mama hakutukana. Alikaa chini, mikono ikitetemeka, akatuuliza kama hatujui kilichotokea Mpondwe. Tulijua. Tarehe 16 Juni 2023, usiku, waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Ni wilaya hii hii ya Kasese. Na sisi tulikuwa tumeleta panga na kelele usiku, tena bila kumwambia mtu. Kosa lilikuwa langu kwanza, mtu mzima niliyetumwa.

Usiku ule hatukupiga kitu. Tulikaa tukafikiri upya, na kumbe hapo ndipo filamu ilipoanza. Niliwapa mfano wa The Blair Witch Project, filamu ya Marekani ya mwaka 1999 kuhusu wanafunzi watatu waliopotea msituni wakitengeneza filamu. Kupiga picha zake kulichukua siku chache tu, pesa ilikuwa ndogo kwa kule kwao, halafu ikaingiza mamilioni ya dola. Mchawi mwenyewe haonekani hata mara moja. Unasikia vijiti vikivunjika, unaona watu wakiogopa, basi.

Vijana wakafuta panga, wakafuta damu. Hadithi mpya ikawa hivi: mvuvi hakurudi, lakini kila usiku mke wake anasikia kasia likigonga mtumbwi. Kila mara karibu zaidi na mlango. Dakika tano, chumba kimoja, waigizaji watatu. Waliandika kila sini kwenye daftari: nani yuko, anasema nini, simu inasimama wapi. Nawashauri vijana wengine msiruke kazi hiyo ya daftari, maana betri inaisha mkiwa bado mnabishana.

Asubuhi tukaenda kwa mwenyekiti, tukaomba msamaha na ruhusa. Tukapita nyumba za jirani kueleza siku na saa. Mwenye mtumbwi akakubali, kwa sharti kwamba ubaki umefungwa ufukweni na hakuna mtu kuingia majini. Alikuwa na haki. Usiku viboko hutoka ziwani kula nyasi, na ukisimama kati ya kiboko na maji umekwisha. Porini hatukugusa kabisa: ni sehemu ya hifadhi, hakuendwi bila ruhusa na askari wa wanyama. Hapo karibu na kijiji, Aprili 2018, simba 11 walikutwa wamekufa, wakishukiwa kulishwa sumu, na watoto wa simba 8 walikuwemo. Watu na simba hawajapatana huko, msiende kujaribu.

Sasa giza. Simu haipendi giza, picha inajaa chenga. Hamukungu iko karibu sana na mstari wa ikweta, jua linazama kama saa moja jioni karibu mwaka mzima, na giza linashuka haraka. Kwa hiyo tulifanya mazoezi mchana, tukapiga za nje kuanzia saa kumi na mbili na nusu, tukipunguza mwanga kwenye simu. Nusu saa hivi kila siku, siku tatu. Za ndani tulitumia tochi iliyofunikwa shuka, ili mwanga uwe laini. Sauti ilichukuliwa na simu ya pili, imefichwa kwenye kitenge cha mwigizaji, karibu na kifua. Mlio wa viboko tuliurekodi tukiwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Huo peke yake ulinisimamisha nywele!

Wazazi, jambo moja msilipuuze. Baadhi yetu tulikimbia watu wanaotutafuta bado. Uso wa mtu au jina la kijiji likiingia intaneti, halirudi. Sisi tulimuuliza kila aliyeonekana, na mtoto tulimuuliza mzazi wake. Mmoja alikataa, tukafuta sini yake. Iliuma, lakini tulifuta. Na wekeni nakala mbili mahali tofauti: Nabwana alifuta filamu yake kwenye kompyuta ili apate nafasi ya nyingine, ikabaki nakala ya DVD tu.

Gharama yote ilikuwa kuchaji simu, memori kadi moja na soda za waigizaji.

Tulionyesha kwanza pale pale kijijini, kwa projekta ya kuazima, ukutani tumetundika ile shuka. Kasia lilipogonga mara ya tatu, watoto wa mbele walikimbilia kwa mama zao. Yule jirani yetu alikuwa amekaa nyuma karibu na njia. Hakukimbia. Taa ilipowashwa aliuliza tu ule mtumbwi ni wa nani, na kwa nini kamba yake imefungwa vibaya.