Kupunguza chakula si tiba ya mtetemeko

KATIKA miji ya Kitale na Bungoma, ambako mahindi ndiyo uti wa mgongo wa maisha, si rahisi kumshawishi mtu apunguze ugali. Hata hivyo, wanasayansi wamegundua kuwa kula kwa kiasi huenda kukakinga ubongo dhidi ya ugonjwa wa Parkinson.

Ugonjwa huo, alioueleza daktari Mwingereza James Parkinson mwaka wa 1817, hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kusonga kwa utaratibu. Mikono hutetemeka, misuli hukakamaa na hatua huwa fupi. Aghalabu dalili hizo hudhaniwa kuwa uzee tu.

Mnamo 2004, Mark Mattson na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu tumbili. Waliopunguziwa kalori kwa asilimia 30 kwa miezi sita, kisha wakapewa sumu inayoua seli hizo, walisonga vyema na kubaki na dopamini nyingi kuliko wenzao waliokula kama kawaida.

Inaaminika kuwa upungufu mdogo wa chakula huzishtua seli, nazo hujibu kwa kutengeneza protini za kujikinga.

Lakini tumbili hao walipunguziwa chakula kabla ya kudhurika. Binadamu hugunduliwa kuwa mgonjwa wakati seli nyingi zimekwisha kufa. Isitoshe, wagonjwa wengi hukonda, kwani mtetemeko hula nguvu na kumeza huwa kugumu.

Katika maradhi mengine ya neva, yale yaliyompooza mwanafizikia Stephen Hawking, matokeo yalikuwa kinyume: panya wenye kasoro ya jeni inayoyasababisha walidhoofika mapema zaidi walipopunguziwa chakula.

Kwa hivyo, mzee anayetetemeka asinyimwe chakula. Apelekwe hospitali ya kaunti, au ile ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, apimwe. Akipewa dawa ya levodopa, amuulize daktari saa za kuimeza, kwa kuwa protini ya nyama, maziwa na maharagwe huweza kuizuia kufyonzwa vizuri mwilini.

Aliye mzima na mnene ana sababu nyingi za kupunguza mafuta na sukari. Aliye mgonjwa, sahani yake isiguswe bila ushauri wa daktari.