Ugonjwa wa sukari: kapita aliyetoa siri yake

Ndugu mtumikaji, na wewe mama unayesoma ukurasa huu kwa sauti ili watoto wasikie, leo tuongee habari ya ugonjwa wa sukari. Najua wengine watageuza ukurasa watafute habari za mpira. Ngojeni kidogo. Sitahesabu mabaya yake, kwa maana mmekwisha kuyasikia kwenye matanga. Nataka kuwaeleza mazuri ambayo mtu mmoja wa hapa kwetu Irumu aliyapata ndani ya ugonjwa huu, ingawa hakuyatafuta.

Mtu huyo ni kapita, mwenye miaka hamsini na kitu. Jina lake sitaliandika. Yeye mwenyewe alinipa ruhusa, akasema: “Andika, Mganga, lakini usiandike kama mimi ni mtu wa kuhurumiwa.”

Aliyeona kwanza ni mke wake. Baba alikuwa anaamka mara nne au tano usiku kwenda kukojoa, na asubuhi sisimizi walijaa nyuma ya nyumba, mahali pale pale alipokojoa. Alikunywa maji bila kushiba. Alikonda hata akatoboa matundu mawili mapya kwenye mkanda wake. Mama akamwambia waende dispanseri, naye akakataa. Alijua kwamba akisema ana sukari atatolewa shimoni, na akitoka shimoni atapoteza posho ya shimoni. Basi akaenda kwa siri mjini Bunia, akapimwa, akanunua vidonge vya glibenklamidi, akavificha ndani ya kibati cha tumbaku. Hata mke wake hakujua.

Hapa nieleze kidogo. Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, mihogo na ndizi, kinageuka sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ni nguvu ya mwili, lakini haiwezi kuingia mahali pa kazi bila insulini, ambayo inatengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Fikiria depo yetu: lori limeleta vifaa, lakini karani hayupo kufungua mlango. Vifaa vinajaa nje, na ndani watu hawana cha kufanyia kazi. Ndiyo sababu mgonjwa ana sukari nyingi katika damu na bado amechoka. Kwa watu wengine, mara nyingi watoto na vijana, karani huyo hayupo kabisa. Hao lazima wachomwe insulini kila siku. Kwa wengi, hasa watu wazima, karani yupo lakini amelegea au hatoshi. Kapita wetu ni wa namna hii ya pili.

Asubuhi moja alimeza kidonge chake, akashuka shimoni bila kula kwa sababu ya kuchelewa zamu. Saa nne akaanza kutoka jasho la baridi. Mikono ilitetemeka, akatoa amri zisizoeleweka, akamtukana kijana wake wa kazi, jambo ambalo si desturi yake. Watu wakasema, Kapita amekunywa. Mkubwa wa zamu alikuwa tayari anaandika barua ya kosa. Bahati njema, kijana yule yule aliyetukanwa akasema baba huyu hanywi pombe, akamshika mkono, akamleta kwangu. Nikamchoma kidole. Mashine ikaandika 41. Mtu mzima asiye na ugonjwa, kabla ya kula, huwa kati ya 70 na 100 hivi. Chini ya 70 kwa mtu anayemeza vidonge kama vile ni hatari. Nikampa maji yenye vijiko vitatu vya sukari. Baada ya dakika 15 akaniuliza kofia yake iko wapi.

Barua ya kosa haikutumwa, lakini siri nayo ilikwisha. Sitawadanganya: alitolewa shimoni akapelekwa karakana, na ile posho ilikwenda. Mimi naona ilikuwa haki, kwa maana mtu akipotewa na akili kando ya winchi anaweza kuua wenzake. Lakini kwamba pesa ilipungua nyumbani, hilo nalo ni kweli, na kwa miezi miwili Kapita hakunisalimia.

Sasa tuangalie alichopata.

Kwanza alipata watu. Pale karakana kila mmoja anajua. Wawili wanabeba vipande vya sukari katika mfuko wa shati, na wanajua kwamba Baba akianza kutoka jasho na kusema ovyo, wasimcheke, wampe sukari mara moja, wangoje dakika 15, na kama hajapona wampe tena, halafu ale chakula. Kama amezimia, wasimtie kitu mdomoni hata kidogo, maana kitaingia mapafuni. Wamlaze ubavu na wamlete mbio. Ndugu mtumikaji, wewe unayeficha sukari yako, nani atakufanyia hayo?

Pili ni habari ya miguu, nami naipenda kuliko zote. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na mguu unapoteza uchungu. Mtu anakanyaga msumari asubuhi, anaugundua jioni akivua buti, na kidonda hakisikii dawa upesi. Wengi walikatwa mguu kwa njia hiyo. Basi nilimwambia Kapita atazame nyayo zake kila jioni. Akacheka: tumbo lilikuwa bado kubwa, hakuweza kujikunja. Mjukuu wake wa miaka saba akasema yeye atatazama. Tangu siku hiyo, jua likishuka, babu anaosha miguu, anakausha vizuri katikati ya vidole, anakaa kwenye kiti, na mtoto anasoma nyayo kama anasoma kitabu chake cha shule. Jioni moja akasema, “Babu, kuna kitu kinang'aa.” Kilikuwa kipande cha waya, kimeingia kisiginoni, na babu hakusikia chochote. Tulikitoa asubuhi, tukasafisha, na baada ya siku kumi ngozi ilifunga. Mguu ule upo mpaka leo, na siku hizi kabla ya kuvaa buti anazigeuza na kuzipiga chini, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto. Vijana wa karakana wamemwiga. Kijana mmoja alitoa nge.

Tatu ni chungu cha nyumbani. Wake wengine wanapika vyungu viwili, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha watu wazima wa afya, na mgonjwa anakula peke yake kama mfungwa. Mama huyu alikataa. Alisema nyumba ni moja, chungu ni kimoja. Sasa nusu ya sahani ya kila mtu ni sombe, lenga-lenga au kabichi, na mafuta ya mawese yamepunguzwa. Robo ni maharagi au samaki wa Ziwa Albert wanaotoka Kasenyi. Robo iliyobaki ni ugali, kadiri ya ngumi moja. Chai inanywewa bila sukari. Watoto walinuna wiki mbili, wakazoea. Jioni mume na mke wanatembea kwa miguu nusu saa. Mama alinieleza kwamba katika miaka ishirini ya ndoa hawajaongea kama wanavyoongea katika hiyo nusu saa. Presha yake mwenyewe imeshuka.

Haya si maneno ya kubahatisha. Ugonjwa wa sukari unapenda kutembea katika ukoo, kwa hiyo ndugu na watoto wa mgonjwa wako karibu na mlango. Mwaka 2002 waganga wa Marekani walitangaza matokeo ya kazi yao kwa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda kidogo bila kuwa ugonjwa bado. Wale waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kuupata ilipungua kwa asilimia 58, kushinda hata wale waliomeza vidonge vya metformini. Kapita alipotoa siri yake, mdogo wake alikuja kupimwa. Alikutwa njiani, kabla hajafika. Kama kaka angeendelea kuficha kibati cha tumbaku, mdogo asingejua.

Na wale wa insulini? Najua wapo, na najua mama mmoja aliyeniambia mtoto wake amekwisha kuhukumiwa. Hapana, Mama. Kabla ya mwaka 1922 hukumu ilikuwa hiyo kweli. Mwezi wa Januari mwaka ule, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa anakufa, alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa insulini iliyopatikana kwa kazi ya Frederick Banting na wenzake, akaishi miaka mingine 13. Leo wako wanaozeeka nayo. Kule Boston, Marekani, kliniki ya Joslin inatoa medali ya shaba kwa mtu aliyetimiza miaka 50 na insulini. Sisi watu wa dhahabu tungesema shaba ni kidogo, lakini medali hiyo ningeivaa kwa furaha.

Mtaniuliza: friji iko wapi, na umeme hatuna? Swali zuri. Waganga Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba insulini iliyokaa majuma manne katika joto linalopanda na kushuka kati ya digri 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Irumu hakuna joto kama la Dagahaley. Chupa unayotumia iweke ndani ya chungu cha udongo chenye kitambaa kibichi, mbali na jua na jiko, ikiwa imefungwa vizuri maji yasiingie. Ambazo hazijafunguliwa, tutakuwekea katika friji ya dispanseri.

Neno moja kwa wale wanaouza mizizi michungu njiani, wakisema inamaliza sukari kwa siku saba: wateja wenu wananifikia mimi siku ya nane. Sina zaidi.

Basi, wewe unayeamka usiku kukojoa, unayesikia kiu, unayekonda bila sababu, au ambaye baba yake au dada yake ana sukari, njoo tupime. Tunapima kila asubuhi kabla ya zamu ya kwanza. Usile kitu tangu usiku. Maji matupu yanaruhusiwa. Leta na mke wako au mume wako, na ukiisha kupimwa, ule kabla ya kushuka.